Upara wangu na nyembe za Zama za Mawe

Upara wa kurithi huanza mapema kuliko watu wanavyouona. Kabla nywele hazijapungua, hubadilika. Za panjani na utosini huwa nyembamba, hupoteza weusi wake, na hukomea njiani zikiwa bado fupi. Nililijua hilo kwa vidole kabla sijaliona kwenye kioo. Nikizibana nywele za kisogoni kati ya kidole gumba na cha shahada nilisikia zinakwaruza. Nikihamia utosini nilikuta ulaini wa malaika ya mkononi. Nywele zilizobaki kwenye kitana hazikunitisha, na hazipaswi kumtisha yeyote, maana kichwa kizima hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku na nyingine huota mahali pake. Cha kuangalia ni unene.

Nina mjomba mwenye kichwa kama changu, na babu mzaa mama alikuwa hivyo hivyo. Wanaosema upara hutoka kwa mama wana sehemu kubwa ya ukweli: jeni ya kipokezi cha homoni za kiume imo kwenye kromosomu X, na mwanamume hupewa X yake na mama peke yake. Ila zipo jeni nyingine nyingi zinazochangia, na baadhi yake hupita kwa baba. Ndiyo maana ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana kabisa. Mdogo wangu ana kichwa chake chote cha nywele mpaka leo, na mjomba ni yule yule.

Yanayotokea chini ya ngozi nilijisomea baadaye, na yakanituliza kuliko maneno yoyote ya kufariji. Mwili hutengeneza testosteroni, kisha kimeng'enya kimoja hugeuza sehemu yake kuwa homoni kali zaidi, dihaidrotestosteroni, ambayo kwa kifupi huitwa DHT. Unywele wa kawaida wa kichwani hukua mfululizo kwa miaka 2 hadi 6, hupumzika kama miezi 3, hudondoka, na mwingine huanza. Kwenye vinyweleo vilivyorithi wepesi wa kuathirika, DHT hukifupisha kile kipindi cha kukua katika kila mzunguko, kutoka miaka hadi miezi, kutoka miezi hadi wiki, na kinyweleo chenyewe husinyaa. Kwa hiyo upara si ngozi tupu. Nikisimama ubavuni mwa dirisha, mwanga ukinipiga kutoka upande, utosi wangu bado unaonyesha vijinywele vifupi visivyo na rangi. Na homoni hiyo hiyo inayoukondesha utosi ndiyo inayozinenepesha ndevu. Wanaume wengi wenye upara wana ndevu nzito kwa sababu hiyo: amri ni moja, ila kila sehemu ya ngozi imezaliwa na namna yake ya kuitii.

Binadamu waliligundua jambo hili kidogo kidogo. Karne ya 5 KK, Wagiriki wa shule ya tabibu Hippocrates waliandika kwamba matowashi hawapati upara. Mwaka 1942, James Hamilton wa Marekani alionyesha kwa nini: wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe walibaki na nywele zao, lakini wakipewa testosteroni, wale wa koo zenye upara walianza kuota upara. Yeye ndiye aliyeanza kuupanga upara kwa hatua, na O'Tar Norwood akaurekebisha mpangilio huo mwaka 1975 ukawa na hatua 7 zinazotumiwa na madaktari hadi sasa. Mwaka 1974 kikundi cha Julianne Imperato-McGinley kilieleza habari za familia za Jamhuri ya Dominika ambazo baadhi ya wanaume wake walizaliwa na upungufu wa kile kimeng'enya. Walikua na ndevu chache, na paji la uso halikupanda. Dawa ya finasteridi, inayokizuia kimeng'enya hicho, iliruhusiwa Marekani kwa ajili ya upara mwaka 1997. Ile nyingine ya kupaka, minoksidili, ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu. Wagonjwa wakawa wanaota nywele, watafiti wakageuza njia.

Nilipaka minoksidili kwa muda. Inafanya kazi kwa baadhi ya watu, hasa utosini, na inataka miezi kadhaa kabla ya kusema lolote. Ukiiacha, ilichokuletea kinaondoka nayo. Mimi niliiacha kwa sababu sikutaka kichwa changu kiwe na ratiba ya dawa ya maisha yangu yote, na simlaumu anayechagua vingine. Ninachosisitiza ni kumwona daktari kwanza, maana si kila kupotea kwa nywele ni upara huu. Nywele zikiondoka kwa duara kama sarafu, zikianguka kwa mashada ndani ya muda mfupi, ngozi ikiwa na magamba, usaha au maumivu, hilo ni jambo jingine lenye tiba nyingine, na kuchelewa kunaweza kuharibu vinyweleo moja kwa moja.

Kisha nikanyoa chote.

Sikutarajia kwamba kunyoa kungenifundisha mengi kuliko kupoteza nywele. Kitu cha kwanza ni hali ya hewa. Tone la mvua likianguka kwenye kichwa kilichonyolewa unajua limeanguka wapi hasa, na upepo unaupata upande mmoja wa kichwa kabla ya mwingine. Jua ndilo lililonishtua. Mwaka 2023, Tina Lasisi na wenzake walichapisha utafiti walioufanya kwa sanamu yenye joto la mwili iliyovalishwa wigi za nywele za aina mbalimbali chini ya taa zinazoiga jua. Nywele zote zilipunguza joto linaloingia kichwani, na za kipilipili ndizo zilizofanya vizuri kuliko zote. Nilipousoma nilikuwa nimeshauthibitisha kwa ngozi yangu. Kichwa kisicho na nywele kinakunywa jua, na tangu hapo sitoki mchana bila kofia au krimu ya kuzuia jua. Kidonda au doa la kichwani lisilopona kwa wiki kadhaa linaonyeshwa kwa daktari, bila kungoja.

Kitu cha pili ni maji. Unywele mkavu ni mgumu kuliko unavyodhani. Mwaka 2020 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, walionyesha chini ya hadubini kwamba unywele mmoja unaweza kumega ukingo wa wembe wa chuma, ingawa chuma ni kigumu kuupita unywele mara 50 hivi. Unywele uliolowa hunyonya maji mpaka karibu theluthi ya uzito wake, na hapo hukatika kwa nguvu ndogo zaidi. Dakika chache za maji ya uvuguvugu zinafanya kazi kubwa kuliko povu lolote. Kisha kuna mwelekeo: utosini nywele huota kwa kuzunguka, kwa hiyo mkono lazima uzunguke nao. Kwa sisi wenye nywele zinazojikunja, kunyoa hadi chini ya usawa wa ngozi kunaalika vipele, maana ncha iliyokatwa hujipinda na kurudi kwenye ngozi. Kisogoni huo unaweza kuwa ugonjwa wa kudumu wenye makovu. Mimi huacha vishina vifupi kisogoni kwa makusudi. Na yule anayeogopa kwamba kunyoa kutamfanya aote nywele nene zaidi, au anayelitumaini hilo, hesabu yake ilifungwa mwaka 1928 pale Mildred Trotter alipopima nywele za wanaume walionyoa na asikute tofauti yoyote. Wembe hukata shina, na unene hupangwa chini, kwenye kinyweleo.

Ilikuwa katika kunyoa huko kwa kila mara, wembe mkononi na maji yakinitiririka shingoni, ndipo lilipoanza kunikaa swali la watu wa kale. Upara si ugonjwa wa mjini wala wa chakula cha kisasa. Hata nyani wa jamii ya makaki wenye mkia mfupi, wa Asia, huota upara wakishakomaa, na kwa sababu hiyo wametumiwa sana katika utafiti wa dawa zake. Basi mwanamume wa Zama za Mawe aliyeanza kupungukiwa nywele alikifanyia nini kichwa chake? Na aliyetaka kunyoa alinyolea kifaa gani, kabla ya chuma, kabla ya shaba?

Tunamjua mmoja wa mwishoni mwa zama hizo, shaba ilipokuwa imeanza tu kuingia. Tarehe 19 Septemba 1991, watembezi wawili waliokuwa wakivuka milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia, walikuta maiti imechomoza kwenye barafu. Ilikuwa ya mtu aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na dunia ikamwita Ötzi. Alikuwa na umri wa miaka 45 hivi, ana chale 61 mwilini na kichwa cha mshale kimebaki begani. Mwaka 2023 jeni zake zilisomwa upya kwa makini zaidi kuliko mwaka 2012, na watafiti wakakuta kwamba ngozi yake ilikuwa nyeusi kuliko ilivyodhaniwa na kwamba alibeba urithi mzito wa upara. Maiti yake haina nywele, na kwa muda mrefu hilo lilihesabiwa kuwa kazi ya barafu. Sasa kuna sababu ya kuamini kwamba alipokufa zilikuwa zimeshapungua sana. Karibu naye na kwenye mavazi yake ziliokotwa nywele nyeusi zenye urefu wa kufika sentimita 9. Kwa hiyo alizobaki nazo alikuwa amezifuga. Nilipoisoma habari hiyo nilijisikia kama niliyeonyeshwa picha ya mzee wa ukoo.

Ötzi alibeba shoka la shaba na vifaa vya jiwe la gumegume: kisu kifupi chenye mpini wa mti, kifaa cha kukwangulia, cha kutobolea, kibanzi kimoja chembamba. Alibeba pia kifaa cha kunolea, kipande cha pembe ya kulungu kilichochomekwa kwenye kijiti, cha kubania ukingo wa jiwe na kuumegua kidogo kidogo. Vifaa vyake vilikuwa vimechongwa upya mara nyingi hadi vikaisha. Hapo ndipo niliposimama. Ukingo wa jiwe uliochongwa upya hudumu, lakini huwa na meno madogo madogo. Unafaa kukata nyama na kukwangua ngozi ya mnyama, na kwa kichwa cha mtu ni mateso. Walinyolea nini basi?

Nilitaka jibu la mikono, nikajifunza kuvunja mawe.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuiweza. Unahitaji jiwe linalopasuka kama kioo: gumegume, au obsidiani, kile kioo cheusi kinachozaliwa na volkano. Mkono mmoja unashika jiwe hilo kwenye paja lililofunikwa ngozi nene, mwingine unashika jiwe la mviringo la kugongea. Unatafuta ukingo wenye pembe chini ya nyuzi 90, unapiga karibu na ncha, kwa kushuka na si kwa kusukuma ndani. Pigo likikubali, linatoa mlio mwembamba, na kibanzi kinadondoka kwenye kiganja kikiwa na upande mmoja laini wenye uvimbe mdogo pale pigo lilipoingia. Pigo lisipokubali, jiwe linatoa mlio wa kuziba na linasagika. Miwani ya kukinga macho si ya hiari, glavu si za hiari, na kazi hii haifanywi ndani ya nyumba: vumbi la gumegume likizoeleka kuvutwa huharibu mapafu kwa namna isiyorudi nyuma.

Kibanzi cha obsidiani kilichotoka sasa hivi hakihitaji kunolewa. Ukingo wake unaweza kuwa na unene wa nanomita chache tu, yaani sehemu chache za milioni za milimita, wembamba ambao chuma cha kawaida hakiufikii. Katika miaka ya 1970, Don Crabtree, fundi wa Marekani aliyetumia maisha yake kufufua ustadi wa kuchonga mawe, alipohitaji upasuaji wa kifua aliwapa madaktari nyembe za obsidiani alizozitengeneza mwenyewe, nao wakazitumia.

Nilianza na mkono. Nililowesha nywele za mkononi kwa maji ya uvuguvugu, nikapaka mafuta mazito, nikavuta ngozi kwa kidole gumba na kulaza kibanzi karibu kabisa na ngozi, upande laini chini. Kilikata. Hakikuvuta, hakikukwaruza, kilipita kwa mlio mdogo mkavu, na nyuma yake ngozi ilibaki safi. Nilipoinua pembe kidogo tu kikaingia kwenye ngozi, na damu ilitangulia maumivu, kwa sababu jeraha la obsidiani mwanzoni halisikiki. Gumegume lilikuwa na tabia nyingine. Ni gumu zaidi, ukingo wake haukatiki ovyo, lakini huburuta. Likiwa na maji peke yake lilining'oa nywele chache, na likiwa na mafuta lilinyoa kwa heshima. Kama ningekuwa mtu wa wakati huo, mafuta yangekuwa ya mnyama, na naamini mafuta ndiyo yaliyokuwa nusu ya wembe.

Nywele ndefu hazinyoleki hivyo. Lazima zipunguzwe kwanza, shada kwa shada: mmoja anazikaza, mwingine anazikata kwa kuvuta kibanzi mbele na nyuma karibu na ngozi. Ni baada ya hapo ndipo kunyoa kunapoanza. Na kila kibanzi kilichoka upesi. Baada ya kupita eneo la ukubwa wa kiganja nilianza kusikia kinavuta, nikakiweka kando na kuchukua kingine. Kichwa kizima kingehitaji vibanzi kadhaa, na kuvipata kungechukua muda mfupi kuliko kunoa kimoja kilichochoka.

Hapo ndipo swali langu lilipojijibu. Wembe wa Zama za Mawe haukuwa na sababu ya kuchongwa kwa urembo, kupewa mpini au kutunzwa kwenye mfuko. Ulifaa pale tu ulipokuwa mpya, mbichi kutoka kwenye jiwe, na kazi ikiisha ulitupwa. Kutazama mkoba wa Ötzi kwa ajili ya wembe ni kutafuta mahali pasipo pake. Vibanzi vyembamba visivyochongwa vimejaa kwenye kila eneo walipoketi wachonga mawe, vimefukuliwa kwa maelfu, na kwa muda mrefu vilihesabiwa kuwa takataka za kazi nyingine. Tangu Sergei Semenov wa Urusi ya Kisovieti aonyeshe, katikati ya karne ya 20, kwamba hadubini inaweza kusoma kwenye ukingo wa jiwe alama za mti, mfupa, nyama au ngozi lililokata, vibanzi hivyo vimeanza kuheshimiwa. Kunyoa, hata hivyo, ni kazi nyepesi mno kwa jiwe. Nilipotazama kibanzi changu kilichochoka kwa kioo cha kukuzia, nilikuta meno mawili matatu yaliyomegeka na utelezi wa mafuta, basi.

Namna hiyo ya kutumia na kutupa ina faida niliyoifikiria sana, kwa sababu najua hatari ya wembe unaopita kichwa hadi kichwa. Homa ya ini aina ya B hupita kwa damu ndogo sana isiyoonekana, na virusi vyake vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Kibanzi cha mtu mmoja, cha mara moja, kilikuwa salama kwa asili yake. Leo tunalazimika kuidai desturi hiyo kwa maneno mbele ya kinyozi, na mimi huidai kila mara: wembe mpya, ufunguliwe nikiona.

Wembe wenyewe haukuwa njia pekee. Kombe mbili za pwani zinaweza kufanya kazi ya kibano, na nimejaribu: kidevuni zinang'oa unywele mmoja mmoja kwa uhakika, machozi yakitoka. Mwaka 1777, nahodha Mwingereza James Cook na watu wake walipokuwa visiwa vya Tonga, waliona wanaume wakinyoa ndevu kwa makombe mawili, moja limewekwa chini ya nywele na jingine likikwangua juu yake. Watonga walipenda kwenda melini wanyolewe na kinyozi wa mabaharia, na mabaharia walipenda kwenda ufukweni wanyolewe kwa makombe. Napenda kisa hicho kwa sababu kinaonyesha kuwa kombe halikuwa kifaa cha shida. Mtu mwenye wembe wa chuma alilichagua kwa hiari yake. Huko Mexico nako, Hernán Cortés, Mhispania aliyeiteka nchi hiyo, alimwandikia mfalme wake mwaka 1520 kwamba katika mji wa Waazteki kulikuwa na nyumba kama za vinyozi, ambako watu walioshwa na kunyolewa vichwa. Wembe wa watu hao ulikuwa obsidiani. Kuhusu kuunguza nywele kwa kaa la moto, nilijaribu kwenye mkono tu: ni haraka, kunaacha vishina vyenye vichwa vya masizi vinavyosagika ukivipangusa, na harufu yake inabaki puani hadi jioni. Kichwani sikuthubutu na simshauri mtu.

Kilichobaki kilikuwa kichwa changu, na hapo nilijifunza jambo ambalo kifaa hakikunifundisha. Kwa wembe wa kisasa na vioo viwili najinyoa mwenyewe. Kwa kibanzi cha jiwe haiwezekani. Unahitaji kuona ukingo uko wapi na ngozi inapinda wapi, na nyuma ya sikio lako mwenyewe huoni chochote. Vioo vya obsidiani iliyosuguliwa vilikuwapo huko Çatalhöyük, Uturuki, kama miaka 8,000 iliyopita, na ni vizuri ajabu, lakini kioo kimoja cha mkononi hakikuonyeshi kisogo. Kwa karibu historia yote ya binadamu, kunyolewa kichwa kulimaanisha kumkabidhi mtu mwingine shingo yako.

Nilimkabidhi mdogo wangu. Alikuwa amefanya mazoezi na mimi, mkono wake ni mtulivu kuliko wangu, na tulikubaliana eneo moja tu dogo nyuma ya sikio la kushoto, mbali na mishipa ya shingo. Alinilowesha, akanipaka mafuta, akakaa kimya kwa muda akikisogeza kibanzi kwenye mwanga kutafuta upande ulio mzima.

"Kaka, usimeze mate," akasema.

Nikauliza kwa nini. Akanieleza kwamba nikimeza, ngozi yote ya nyuma ya sikio inasogea, na yeye anaiona mimi siioni. Nilikuwa nimenyoa kichwa hicho kwa miaka bila kulijua hilo. Alinyoa kwa mapigo mafupi, akipangusa kibanzi kwa kidole kila mara, na nilisikia sauti ya nywele zikikatika ndani ya fuvu zaidi ya kuisikia kwa sikio. Hakukuwa na tone la damu. Wala hakukuwa na vipele siku zilizofuata, na ninaamini ni kwa sababu jiwe lilikata usawa wa ngozi bila kwenda chini yake.

Tangu siku hiyo naufikiria upara wa watu wa kale kwa namna nyingine. Nilikuwa nikimwona mwanamume peke yake, anahangaika na kichwa chake kama mimi nilivyohangaika na changu mbele ya kioo. Naona sasa kwamba bila kioo hakuwa na namna ya kuuona utosi wake. Aliujua kwa kuguswa na kwa kuambiwa, na kama alinyolewa, alinyolewa na mtu aliyemwamini. Aibu nyingi ya upara wangu ilizaliwa na vioo na picha.

Shaba ilipokuja, mambo yakabadilika. Wembe wa shaba huisha makali upesi, lakini unanoleka, na kinachonoleka kinatunzwa. Ukawa mali ya mtu. Kwenye kaburi la Malkia Hetepheres wa Misri, mama yake Khufu aliyejenga piramidi kubwa ya Giza, lililogunduliwa mwaka 1925, kulikuwa na nyembe za shaba na hata za dhahabu. Huko Denmark, wanaume wa Zama za Shaba walizikwa na nyembe zilizochorwa merikebu kwenye bapa lake. Ndiyo sababu historia za kunyoa huanzia Misri: hapo ndipo nyembe zilipoanza kufaa kuzikwa na mwenyewe. Misri hiyo hiyo imetuachia mafunjo ya Ebers, hati ya tiba ya miaka ya 1550 KK hivi, yenye dawa ya upara ya kuchanganya mafuta ya kiboko, mamba, paka, nyoka na mbuzi wa milimani. Makuhani wao, anasema Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, walinyoa mwili mzima kila siku ya pili ili chawa au uchafu wowote usiwafuate kwenye ibada. Katika nchi moja, huyu alikuwa anazililia nywele zake na yule anaziondoa kwa heshima.

Bado naendelea na majaribio. Nataka kulinganisha mafuta ya aina mbalimbali, na kuona kama kibanzi chembamba kirefu, kile kinachotolewa kwa kukamua jiwe kwa ncha ya pembe badala ya kulipiga, kinafika mbali zaidi kabla ya kuchoka. Anayetaka kujaribu naye namwomba jambo moja zaidi ya miwani na glavu, ambalo wachonga mawe wa sasa husisitiziana: mabaki yasitupwe ovyo kwenye udongo. Kibanzi cha leo na cha miaka 10,000 iliyopita vinafanana kabisa, na mtu atakayevikuta shambani baadaye hatakuwa na namna ya kuvitofautisha. Vyangu viko kwenye debe lenye kifuniko, pamoja na karatasi yenye tarehe, aina ya jiwe na sehemu ya mwili kilikonyoa kila kimoja.